Mama Anayetaka Kuirudia Asubuhi Ile

Jumatatu, 4 Machi
Mtayarishaji amenirudishia mchezo wangu wa redio. Ndani yake mama anapanda mashine arudi siku zilizopita, amzuie binti yake asife — wasikilizaji lazima waelezwe inawezekanaje. Au kwa nini haiwezekani. Mwisho Ijumaa.
Mtu wa fizikia ninayemjua ni mmoja: mtalaka wangu. Tuliachana baada ya kumzika binti yetu, Kasuku. Tulimwita hivyo kwa kuwa aliongea hata usingizini. Mwaka mzima hatujasemeshana. Nimempigia. Nikasema ni kazi tu.

Jumanne, 5 Machi
Alinieleza polepole, kama yuko darasani. Mama akimzuia, binti hafi. Binti asipokufa, mama hana sababu ya kusafiri. Asiposafiri, hakuna wa kumzuia. Binti anakufa.
Nikauliza, je, akirudi kutazama tu? Akasema hata kutazama ni kugusa.
Kisha akaongeza: "Hesabu hizi nilishazipiga zamani. Si kwa ajili ya redio."
Maskini. Kumbe si mimi peke yangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeandika ukurasa wa tisa. Asubuhi binti anashika tumbo. Mama anamwambia acha kudeka, unakwepa mtihani, vaa viatu. Jioni kidole tumbo kimeshapasuka.
Sikutunga. Baba yake alikuwa safarini. Nilimwambia maumivu yalimwanzia shuleni. Daktari naye nilimwambia hivyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki — methali ingetosha, fizikia ya nini?

Alhamisi, 7 Machi
Mtalaka wangu amekuja mwenyewe, saa tisa alasiri, kukagua kama mchezo umeieleza fizikia sawasawa. Amekonda. Shati halijapigwa pasi. Nilitaka kuuchomoa ukurasa wa tisa nikaghairi. Sijui ni ujasiri au ni kuchoka.
Yeye sebuleni anasoma. Mimi jikoni naandika, nasubiri chai ichemke. Mwanzoni alikuwa akiguna, hata akacheka mahali mama anapoitukana mashine. Sasa karatasi hazigeuzwi.
Ameita. "Mama Kasuku." Hajaniita hivyo tangu mazishi.
Nimeitika abee.
"Hili la tumbo, asubuhi — umelitunga?"
Hana hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia. Nimesema chai iko tayari. Haiko tayari, kumbe hata sijawasha jiko.
Kiti kimesogea. Anakuja huku na karatasi mkononi, na mimi bado naandi—