Kioo cha Kabati la Bibi Yako

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Ufukoni hatujambo, bibi yako anakusalimu. Umeuliza jinsi ya kubandua rangi ya mlango kwa mashine ya hewa moto. Fungua madirisha, isogeze muda wote, na kaa mbali na vioo.

Miaka ya tisini niliazima mashine kama hiyo bandarini, nikajifanya fundi kwenye kabati alilokuja nalo bibi yako alipoolewa. Nikang'ang'ania sehemu moja, kioo kikapasuka.

Nikamwambia, "Kilikuwa na ufa tangu zamani."

"Labda ni macho yangu, Baba Tumaini."

Mpaka leo anachania nywele mbele ya ufa ule, nami hutazama pembeni.

Jana nilipomsomea swali lako hakuinua kichwa. "Mwandikie na ya kioo," akasema.

Basi nimekuandikia.

Babu yako