Maharage ya Wabeba Mawe

Fundi Mkude,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila salamu.

Ile shule ya Mkuyuni uliyoiacha ikiwa usawa wa madirisha nimeimaliza. Kuta zimenyooka. Ungezunguka kutwa nzima ukitafuta kasoro, na ungeipata, nakujua.

Nilipolipwa, niliitwa bomani kwa ajili ya kodi. Karani aliniuliza nimepokea kiasi gani, nikamtajia. Akauliza nimetumia nini kwenye kazi. Nikasema saruji, bati na misumari, basi. Wale kina mama waliotubebea mawe kutoka mtoni tuliwalipa unga, maharage na chumvi, kama ulivyofanya siku zote, nawe ulinionya tangu siku ya kwanza: "Ulichomlisha mtu hakihesabiwi." Basi chakula hicho sikumtajia. Karani akapiga hesabu, kodi ikatoka kubwa kuliko nilichobakiwa nacho. Akanipa siku tatu. Nikajua msumeno wako ulioniachia itabidi niuuze, na bila msumeno sina kazi.

Nilikwenda kwa Mama Tekla, mkubwa wa wale wabeba mawe. Nilizungukazunguka na maneno kabla ya kumwomba niruhusiwe kumtajia karani chakula chao, aibu imenijaa, nikitegemea atanikaripia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani unatudai? Mwambie tulikula, na tulikula vizuri."

Kesho yake alishuka nami bomani na wenzake sita, wakamtajia karani kila debe la unga. Karani akaandika yote. Akasema kodi hutozwa kwa faida iliyobaki, si kwa kila shilingi iliyopita mkononi. Nikalipa, nikabakiwa na kitu. Msumeno upo.

Njiani kurudi nikakukumbuka, nikaumia. Miaka yote ile ulitozwa kodi hata kwa fedha ya chakula ulichogawa. Baiskeli yako ilikwenda hivyo. Nami nilikuwa nakucheka kwa wenzangu, eti Fundi anajua kupima ukuta tu, fedha haikai kwake. Nisamehe. Uliona haya kuwahesabia watu matonge, na haya hiyo ilikugharimu.

Jumatatu naanza zahanati ya Mlali. Mama Tekla ameshakusanya watu, na sufuria ameazima kubwa kweli. Nakuahidi watakula mpaka washibe, nami nitaandika kila kibaba bila kuona haya.

Pumzika, Fundi wangu. Umeshalipa vya kutosha.