Mkono Unaoshika Kanga

Jumatano. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mvua ya rasharasha inanyesha tu, kama desturi yake hapa Kyimo mwezi wa saba. Raba zangu zimelowa chapachapa, nimeziegemeza kwenye mafiga zikauke. Nina hasira. Naandika kabla haijapoa, maana naijua hasira yangu: ikipoa, huwa najikuta nimeshakubali.

Wamenifuta kwenye mbio.

Zimebaki siku tatu. Jumamosi ndiyo Sikukuu ya Wakulima, na mbio zinaanzia hapa Kyimo hadi uwanjani Tukuyu. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wanawake tumeruhusiwa mbio ndefu. Mimi nilikuwa wa pili kujiandikisha. Sijawahi kushindana tangu nizaliwe, labda kuwahi foleni ya sukari.

Leo wakati wa mapumziko mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuja shuleni, akaniita nje ya darasa. Akaanza na hali ya watoto, mvua, viazi vya Isongole. Nikajua hapa kuna neno. Kisha akasema, "Mwalimu, jina lako tumeliondoa. Baba mkwe wako ni mgeni wa heshima, atakaa jukwaani, na mstari wa kumalizia uko mbele yake pale pale. Mkamwana atamkimbiliaje mkwewe uso kwa uso? Mzee atadhalilika."

Nikamwuliza kama mzee mwenyewe amesema hivyo.

"Mambo haya hayangoji kusemwa, mwalimu. Wewe njoo utusaidie jikoni, wageni ni wengi."

Jikoni! Mtu huyu huyu, majuma machache yaliyopita, alikuja kwenye darasa langu la kisomo cha watu wazima, akasimama ubaoni mpaka chaki ikaniishia mkononi kwa kungoja, akituhubiria kwamba mwanamke wa Tanzania huru ametoka jikoni, anajenga taifa bega kwa bega na mwanamume. Akina mama wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu. Leo nayatamani makofi yangu yarudi.

Mila naijua, wala sikuisoma kitabuni. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akitokea njiani naacha njia, najifunika kanga, naelekeza uso migombani mpaka apite. Jina lake silitamki. Huu ni mwaka wa nne wa ndoa yangu na sijawahi kunung'unika, kwa sababu na yeye ananiheshimu kwa namna yake. Mwanangu Atupele alipougua surua, kila alfajiri tulikuta kibuyu cha maziwa mlangoni. Hatukuwahi kumwona aliyekileta, lakini tulimjua.

Lakini mila hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nikimbie vibaya. Hili sijamwambia mtu, nakuambia wewe daftari.

Anayenifundisha ni Mwalimu Juma, mwenzangu anayefundisha darasa la saba, aliyeletwa hapa kutoka Singida. Alikuwa mkimbiaji huko chuoni. Siku ya kwanza alinitazama nikipanda kilima cha shule, akashika kiuno. "Dada, huo mkono wa kushoto una nini? Umevunjika?"

Haujavunjika. Unashika kanga. Nakimbia na kanga begani, nimeibana kwa mkono wa kushoto, tayari kujifunika. Macho yako chini, mabega yamepanda mpaka masikioni, na nikiona tu fimbo ya mzee kwenye ukungu, naruka. Mara ngapi nimejitosa migombani nikimkwepa mzee wa watu anayejipelekea ng'ombe wake malishoni! Mmoja aliniuliza kama nimepoteza kuku.

Juma ananirekebisha kidogo kidogo. Tazama mbele, usitazame vidole vyako. Viwiko vikunjwe, mikono iende mbele na nyuma, isikate kifua. Ukipanda, hatua fupi. Usishuke na kisigino kwa kishindo, utavunja magoti. Nimeyashika yote isipokuwa mkono ule, maana siwezi kuupa kazi mbili kwa wakati mmoja. Jambo moja tu limenisaidia: baada ya wiki ya kwanza, nilipomkwepa baba mkwe mara mbili, ya pili nikaangukia mtaroni, sijakutana naye tena njiani. Nikasema ni bahati, au goti lake bovu limemweka nyumbani.

Malengo yangu nimeyaandika ndani ya jalada la daftari hili. Nimalize bila kutembea. Nisisimame kwenye kile kilima cha mwisho kabla ya mjini. Nisiwe wa mwisho. Hilo la tatu nililiandika kwa penseli.

Mchana nilimweleza mume wangu. Akakuna kichwa. "Sasa tufanyeje, Mama Atu? Hao ni wakubwa." Nikamwacha na ugali wake.

Nikaenda kwa mama mkwe, kwa sababu mzee siwezi kumwuliza mwenyewe, lazima neno langu lipite kwa mkewe. Mzee alikuwa bado shambani kwenye kahawa yake, ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa anamenya ndizi karibu na moto. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikayamwaga yote, na machozi yakatoka ingawa sikuyaalika.

Akaniacha nimalize. Kisha akacheka, akafuta kisu kwenye kanga yake ya kazi.

"Nani amekuja hapa kumwuliza? Hakuna. Mzee aliniambia tangu juzi: mkamwana akikalibia uwanjani, yeye atashuka jukwaani, asimame nyuma ya watu mpaka upite. Basi. Wewe kimbia, mwanangu."

Akanyoosha kisu juu, kwenye kamba iliyopita juu ya moto. Palikuwa na suruali mbili za mzee zimeanikwa, tope mpaka magotini.

"Unafikili hili tope ni la wapi? Tangu siku ile uliyoanguka kwenye mtalo kwa kumkwepa, anapita kule chini mtoni kwenda kahawani. Anasema, asubuhi balabala ni ya mkamwana."

Kule mtoni! Njia ile ni utelezi mtupu, hata mbuzi wanaikwepa. Na mzee yule, na lile goti lake, anashuka na kupanda kila alfajiri. Kumbe bahati yangu ilikuwa na fimbo mkononi.

Nilisema ndaga, asante ya kwetu, mara tatu, nikaondoka kabla hajarudi.

Sasa hasira yangu ni mara mbili. Mwenyekiti amelichukua jina la mtu anayekanyaga tope kwa ajili yangu, akalifanya kufuli la kunifungia jikoni. Mzee hajui kama ametumiwa! Kesho baada ya kengele ya mwisho naenda ofisini kwa mwenyekiti, na mama mkwe amesema atavaa kitenge chake cha kanisani tufuatane. Nataka nimwone mwenyekiti akimwambia yeye, usoni, kwamba mumewe atadhalilika.

Nikikaa nikifikiri, na mimi ninastahili kugombezwa. Mwezi mzima nimekimbia nikitazama chini, nikimwogopa mzee ambaye alishaniachia barabara yote.

Raba zimeanza kukauka. Kesho alfajiri kanga itabaki kwenye msumari.