Bei ya Gauni la Mwanasesere

Mdogo wangu,

Huku wazima, cherehani tu ndiyo inayokohoa. Unalalamika eti gauni la mwanasesere wako lina bei kubwa kuliko la mtu mzima. Haya, njoo ushone wewe mkono mwembamba kama kidole, kwa sindano, machozi yakikutoka! Mwenye kabati zima la wanasesere hashindwi kulipa.

Ila yule mwanasesere bwana harusi, uliyetaka afanane na mumeo, koti lake sikutozi hata senti. Bega la kushoto limeshuka kidogo, sikukusudia. Vidole vililikumbuka bega la shemeji, tangu enzi nilipokuwa nikimshonea mimi, kabla sijakutambulisha kwake.

Usilirekebishe.

Dada yako, fundi wako.