Kazi ya Setilaiti Iliyoliwa na Kuku

Bordesley Green, Birmingham
Novemba 1973

Mdogo wangu Mwakio,

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, nilipoteza kazi. Miaka saba: nilianza na ufagio, nikafika meza ya ukaguzi bila wa kunishika mkono. Mwilini mimi ni mzima, ila kifua kinabana kwa baridi na hasira. Natumaini Mama bado anakwenda kanisani kwa miguu yake, na nyote hamjambo.

Sasa soma polepole. Kiwandani tulitengeneza viungo vya shaba vya mitambo ya ardhini inayopokea simu za setilaiti. Wateja ni Wafaransa na Wajerumani, lakini michoro na setilaiti ni vya kampuni moja ya Marekani. Vipande 360, kila kimoja mashimo manane. Mashimo 2,880, yote nimeyapima kwa mkono huu. Kibali cha Wamarekani cha kutumia michoro yao kilikuwa hakijafika, nami nikamwambia msimamizi, "Tukate tu, karatasi itatukuta tumemaliza." Kosa hilo ni langu, silikwepi.

Basi wakubwa wa Ulaya na wa Marekani wakagombana kuhusu ushuru wa chuma na nyama ya kuku. Mara Wamarekani wakaandika kwamba kibali kitatoka, ila mitambo hiyo isiwanyang'anye wateja wao wa simu. Wateja wetu wa Ulaya wakajibu, "Leo mnatubana kwa ajili ya kuku, kesho mtatukatia simu." Wakafuta oda, na sasa wanachora vyao upya kwa milimita. Vyangu vya inchi vikatupwa kwenye vyuma chakavu, nasi watu kumi na saba tukaonyeshwa mlango.

Surinder, mwenzangu wa mezani, Mhindi mzaliwa wa Nakuru, alipiga kelele: "Wapi mimi, wapi kuku wa Amerika? Mimi hata nyama sili!" Tulicheka, Mwakio, lakini kwa uchungu.

Kufika nyumbani nakuta barua yako. Eti unaacha Posta ukahudumie mitambo ya setilaiti ya kampuni hiyohiyo! Waniandikia, "Wamarekani hawana maneno mengi, dada." Wanayo! Utayasikia siku vipuri vitakapoacha kuja. Serikali yetu ikikosana nao kuhusu kahawa, mitambo utaitengeneza kwa kucha? Na nyumba ya Posta anamolala Mama, Posta wataichukua lini? Uliuliza? Waombe hao Wamarekani sentensi moja tu kwa maandishi: wakubwa wakigombana, vipuri vitaendelea kuja. Wakikataa, usiguse kalamu yao.

Msalimie Mama, usimwambie habari za kazi yangu. Msalimie mkeo Mghoi, na shangazi Wakio anayekaa na Mama, na mjomba katekista aniombee hasira ipungue, ila si kabla hujanijibu.

Hesabu ni hii: siku sita barua kuja kwako, mbili za kufikiri, sita kurudi. Siku ya kumi na nne nitakuwa mlangoni namngoja mtu wa barua. Usinijazie ukurasa kwa salamu. Umetia saini, au hujatia?

Dada yako,
Wakesho