Sikugonga Mkeka

Shangazi yangu, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu hata siku moja: napenda kuangushwa. Kwenye judo ukianguka unaupiga mkeka kwa mkono, paa, ili usiumie. Mimi ninayejibu darasani kwa kunong'ona, pale napiga kelele na hakuna wa kuninyamazisha.

Huku kuna baridi, na kitabu ulichonipa nilikimaliza kwenye ndege. Nililetwa kwenye mashindano haya ya kimataifa ya vijana kujaza nafasi ya mwenzetu aliyevunjika kidole. Mechi ya kwanza nikapangiwa bingwa mtetezi.

"Mtoto wa vitabu," kocha akaniambia, "akikubana, gonga mkeka mara mbili kuonyesha umekubali kushindwa, mwamuzi asimamishe. Sitaki kumrudishia mama yako vipande."

Wenzangu wakaangua kicheko.

Bingwa alinibwaga, akanilalia kifuani kama gunia la saruji. Kocha akapaza sauti: "Gonga! Utakufa bure!" Mkono wangu mmoja ulikuwa huru, Shangazi. Niliukunja ngumi. Nilifurukuta mpaka sekunde ishirini za kubanwa zikatimia na mwamuzi akampa ushindi, lakini mimi sikuomba kuachiwa.

"Mbishi wewe! Kwa nini hukugonga?"

"Samahani, kocha. Sikuumia. Nilikuja kucheza."

Sauti yangu ilisikika hadi benchi la pili. Hakuna aliyecheka.

Kwenye mashindano haya anayeshindwa mechi ya kwanza hupewa nafasi nyingine ya kucheza, ila kocha alikuwa ameshafunga begi langu, mkanda wangu wa judo ukiwa ndani. Nililifungua, nikautoa mkanda, nikajifunga upya, nikaenda kusimama kwenye mstari wa wanaosubiri kuitwa.

Ni mimi, binti wa kaka yako.