Msemaji wa Gusaba Aliyezinyima Figo Zake Maji

Tantine Umutoni,

Mi si mutu wa kuomba musaada, watu ndiyo wanakujaka kwangu kuomba, kuanzia Kanama mpaka huku Gisenyi ukiuliza nani anajua kusema kwenye gusaba, siku familia ya kijana inakuja kuomba musichana, hata mutoto wa kunyonya atakuonyesha nyumba yangu, lakini leo ni mi niko naomba, mi ambaye sijawahi kuogopa kitu, hata siku ile udongo ilitikisika sababu ya volkano na viti ikaanza kucheza yenyewe mi nilikuwa katikati ya methali, wageni wote wakakimbia, na waliporudi walinikuta nimekaa palepale, kwenye neno lile lile.

Donc, Tantine wetu wa redio, unisikilize muzuri. Kazi yetu iko na sheria moja ambayo marehemu baba alinifundisha: musemaji wa upande wa musichana hasimami. Ukisimama kwenda choo katikati ya maneno, wale wa upande wa kijana wanaona mulango iko wazi, wanamaliza mambo haraka na yule uliyemuacha kwenye kiti, ukirudi unakuta musichana amekwisha kwenda kwa ng'ombe moja iliyokonda. Ndiyo maana kila wiki, toka Ijumaa jioni, mi sigusi maji. Kila mwaka kiangazi yote, mwezi wa saba na wa nane, kila Jumamosi niko chini ya hema, koti, kofia, fimbo, jua inapiga, wengine wanakunywa Fanta mi nameza mate yangu, na mugongo ikiuma juu ya kukaa sana nameza vidonge viwili vya pharmacie. Nikifika nyumbani, mukojo inatoka kidogo, nyekundu-nyeusi kama chai ya rangi. Mi nilikuwa naona ni nguvu.

Bon. Kule Kanama, kwenye harusi ya majuzi, sikuanguka, mi siangukaka, ni udongo ndiyo ilikuja juu kidogo ikanigusa kwa uso. Bibi yangu Cansilde, mama ya mutoto wetu Olivia, akasema: «Kesho unaenda kupima damu, ama nitakuvuta na masikio.» Nikakubali juu ya heshima, si juu ya masikio. Na kwa vile mi si mutu wa kupeleka damu ovyo mbele ya watu, nikaitayarisha: jioni nikaenda amashyuza, ile maji ya moto kando ya ziwa, nikakaa ndani nikatoka jasho mpaka wengine wote walishindwa wakatoka, kisha nikakula brochettes, nyama ya mbuzi ya kuchoma, ili damu ipate nguvu, wenye bar wanasema hawajaona mutu kula vile, nikameza vidonge vyangu vya mugongo, nikalala. Asubuhi, wale wa kituo cha afya walikuwa wamesema nije bila kula, nikafanya zaidi, hata maji sikugusa.

Wakatoa damu, wakanipa karatasi, wakasema niingie kwa muganga, daktari wa pale, anifafanulie. Nikaangalia ile foleni. Mi niko na kazi, naachia wapi kazi nakaa kati ya watoto wanakohoa? Nikaweka karatasi kwa mufuko, nikaenda zangu kwa bar, na pale nikaifungua mbele ya watu, nikaona kwenye mustari ya creatinine iko mushale inaangalia juu. Tantine, si nilisimama! Nikawaambia: «Muone wenyewe! Machine ya serikali imepima damu yangu, kipimo ikaisha, ikabidi waweke mushale!» Wakapiga makofi, mutu akanilipia bière.

Vénuste, rafiki yangu wa pale bar, yeye peke yake hakupiga makofi. Akasema: «Leta nione.» Akasoma mara mbili. Nikamuambia: «Wivu ya nini, Vénuste?» Akasema: «Yewe, Muzee, hii si ya kufurahia. Hii mushale ndiyo ilianza kwa baba-mukwe wangu kule Nyakiriba. Leo wanamuosha damu kwa mashine, na maji wanamupimia kwa kikombe.»

Bière ikakuwa chungu. Karatasi nikaificha ndani ya kofia yangu ya harusi, hakuna mutu anagusaka ile kofia, na nikafikiri peke yangu: kama yule muzee wanamupimia maji, basi ndiyo dawa. Mutu aliyechoka haumupe tena jembe, unamuacha alale. Nikaamua figo yangu ilale. Toka siku ile ni kikombe moja ya chai asubuhi, basi. Cansilde ananiangalia kwa meza, anauliza: «Papa Olivia, hii mufungo ni ya nini, na sisi ni watu wa misa? Umeslimu bila kuniambia?» Ninamuambia niko nafanya mazoezi ya sauti.

Lakini, Tantine, figo hailali. Kichwa inauma, muguu inakaza usiku mpaka naruka kitandani, mudomo ni kama nimekula unga, nikisimama haraka nyumba inazunguka. Na Jumamosi hii ni gusaba ya Akaliza. Huyu si musichana wa mutu mwingine, ni wa mudogo wangu Bizumuremyi, na siku yule mudogo wangu anakufa alinishika mukono akasema: «Mutoto wangu atatoka kwa maneno yako, si ya mutu mwingine.» Toka hapo Akaliza ananiita Papa. Jana alikuja kunionyesha mushanana, nguo ya gusaba atakayovaa, akaniangalia, akasema: «Papa, sauti yako inakwaruza. Uko muzuri kweli?» Nikasema: «Niko naitunza juu yako.» Alicheka, lakini macho haikucheka.

Sasa niambie. Nikisema niko mugonjwa, atataka kusogeza harusi, na mahali pangu wataweka Rukundo, ule aliyetoka Uganda anayesema «so, so, actually» mbele ya wazee. Nikinyamaza, labda nitaanguka mbele ya wakwe, na pale sitaweza tena kusema ni udongo. Kuna mutu sokoni anauza dawa ya kusafisha figo, iko kwa chupa, ya kijani, anasema inasafisha mara moja. Ninunue? Ama figo imekwisha kufa na mi niko nasubiri tu? Usitaje jina langu kwa redio, watanijua hata bila jina.

Ni mimi, Musemaji Asiyesimama, Gisenyi.

*

Msemaji Asiyesimama,

Weka fimbo chini, kamimine glasi ya maji, unywe polepole. Nitakusubiri.

Umekunywa? Haya, sasa tugombane.

Nilikuwa muuguzi miaka mingi kabla sijakaa kwenye kipaza sauti hiki, kwanza kule Karagwe nilikokulia, kisha hapa kwetu. Nimeona watu wakililia karatasi ya damu, nimeona wakiichana. Aliyenunuliwa bia kwa sababu ya creatinine ni wewe wa kwanza.

Hiyo creatinine ni taka, baba. Misuli inapofanya kazi inaitoa, kwako, kwangu, kwa kila mtu, na figo huichuja kutoka kwenye damu na kuitupa nje pamoja na mkojo. Mshale wa juu maana yake ni kwamba taka imekuwa nyingi kwenye damu. Sasa fikiria gunia la viazi vya Bugeshi, vyenye ule udongo mweusi. Viweke kwenye beseni, umpe mwoshaji kikombe kimoja cha maji. Maji yatakuwa tope. Utamlaumu mwoshaji? Na ukija kumwambia «maskini, amechoka, nimnyang'anye hata hicho kikombe,» je, viazi vitatakata?

Ndivyo ulivyofanya. Ulijikausha kwenye maji ya moto, ukajaza nyama, ukameza vidonge, ukalala na kiu, ukaenda kupimwa. Mwili mkavu unaweza kupandisha mshale huo. Nyama nyingi inaweza. Hivyo vidonge vya mgongo, kama ni vile vya jamii ya ibuprofen au diclofenac, vinaweza kuzibana figo, na vinazibana zaidi mwili ukiwa hauna maji. Wewe uliviita vyote kwa siku moja, kama wageni wa harusi.

Usianze kuchekelea. Sijasema figo zako ni nzima. Sijui. Wewe hujui, na Vénuste hajui. Karatasi moja haitoshi kumwambia mtu kwamba figo zake zimekufa, wala haitoshi kumwambia yuko salama, na mtu aliyejikausha kila Jumamosi ya kiangazi kwa miaka, akimeza vidonge juu yake, ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Wasiwasi wako una akili kuliko wewe. Ufuate.

Kuhusu baba mkwe wa Vénuste: figo zake hazitoi tena maji inavyotakiwa. Anachokunywa kinabaki mwilini, miguu inavimba, pumzi inakata. Ndiyo maana daktari wake anampimia. Hilo ni agizo la mtu mmoja mwenye ugonjwa wake. Wewe umelichukua kama mtu anayevaa miwani ya jirani, kisha unashangaa nyumba inazunguka.

Kwa hiyo: toa karatasi ndani ya kofia umpe Cansilde, leo, kabla hamjala. Atakufokea. Mwache afoke, ni haki yake. Kesho asubuhi mrudi wote wawili mlikopimwa, na aingie nawe kwa muganga, maana wewe ukiona foleni unakumbuka kazi. Mwambie muganga kila kitu, amashyuza, mbuzi, vidonge, kikombe chako cha chai na ule mkojo mwekundu-mweusi. Omba damu irudiwe, na mkojo upimwe kama unapitisha protini, kwa kuwa figo iliyoumia mara nyingi husema kwenye mkojo kabla ya kusema mahali pengine. Apime na presha na sukari, hao ndio wezi wakubwa wa figo na hawabishi hodi. Akikwambia urudi tena baada ya wiki au miezi, unarudi, kwa sababu ugonjwa wa figo wa kudumu hujulikana kwa kupima mara kwa mara.

Vidonge acha leo hii mpaka yeye aseme. Chupa ya kijani iache sokoni, figo iliyochoka haihitaji mchezo wa kubahatisha. Maji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, usiende kumaliza jerikani ili uje uwasimulie watu bar. Mkojo ukirudi rangi ya manjano hafifu, mwili umeanza kupata haki yake. Lakini muganga akikwambia wewe unywe kiasi fulani, msikilize yeye, si mimi. Na ukiona miguu au uso unavimba, mkojo unakataa hata ukinywa, unatapika, au pumzi inakuwa fupi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ugonjwa hautaisubiri Jumamosi, wala wewe usiisubiri.

Sasa Akaliza. Huyo mtoto ameshajua kuna kitu, usimfanye mjinga. Mwambie ukweli kama ulivyo: damu yangu ilipimwa, haikukaa sawa, inarudiwa. Muganga akisema upumzike, Rukundo atasema, nawe utakaa mstari wa mbele kwenye kiti chenye kivuli, ukimnong'oneza methali pale Kiingereza kitakapomwishia. Maneno yatakuwa yako bado, na ahadi ya mdogo wako itakuwa imetimia.

Muganga akikuruhusu kusema, basi nenda, lakini uende na jagi la maji lililowekwa miguuni pako mahali wakwe wote wanaliona. Kunywa mbele yao bila aibu. Na haja ikikujia katikati ya maneno, simama, Msemaji. Shika fimbo yako, waangalie wale wa upande wa kijana, uwaambie: «Ninyi mmekuja kuomba msichana, mimi naomba njia. Nikirudi, ng'ombe wawe wameongezeka, kwa maana nimewapa muda wa kuwahesabu upya.» Watacheka mpaka hema litikisike bila volkano. Wakishacheka hivyo, nani atathubutu kumchukua binti kwa ng'ombe aliyekonda?

Baba yako alikufundisha kwamba msemaji akisimama, familia inapoteza. Alikuwa mzee wa heshima, lakini hakuwahi kuona karatasi yako. Akaliza ameshazika baba mmoja. Usimfanye azike wa pili kwa sababu aliona haya kwenda chooni.

Tantine Umutoni